Ramani iliyo ndani ya simu: historia ya mti wa vifaa

Chukua simu mbili za bei ya chini zilizolazwa kwenye meza ya fundi pale stendi ya Bunda. Kwa nje zinafanana kabisa: rangi moja, kioo kimoja, hata jina la mgongoni ni lile lile. Fundi anazifungua, anachungulia maandishi madogo yaliyo kwenye bodi, kisha anatikisa kichwa. Hizi si pacha. Akiiwekea moja programu ya ile nyingine, inaweza kuwaka vizuri tu, picha ikatokea, lakini kioo kisisikie kidole.

Muulize kwa nini, atakujibu kwa kifupi: versheni ya bodi haiendani. Amejibu sahihi. Ila nyuma ya jibu hilo kuna historia ya zaidi ya miaka 30, inayoanzia California, inapita kwenye madarasa ya Rwanda, inaingia kwenye simu iliyo mfukoni mwako. Yote inahusu swali moja ambalo wengi hatujawahi kuliuliza: kompyuta inajuaje viungo vyake viko wapi?

Masanduku ya barua ndani ya chipu

Simu haijajengwa kwa vipande vingi vikubwa kama ile kompyuta ya mezani ya stationery pale Musoma mjini. Karibu kila kitu kimebanwa ndani ya chipu moja: prosesa, kidhibiti cha kamera, cha sauti, cha USB, cha kioo. Chipu ya namna hii huitwa SoC, yaani mfumo mzima ndani ya chipu moja.

Sasa prosesa inaongeaje na hivyo vipande vingine? Inatumia rejista. Fikiria ule ukuta wa masanduku ya barua pale posta. Kila sanduku lina namba yake, na ukitaka barua imfikie mtu fulani unaitia kwenye sanduku lake, basi. Rejista ni sanduku la aina hiyo. Kwa kawaida lina biti 32, yaani swichi 32 ndogo ndogo ambazo kila moja ni 0 au 1. Prosesa ikiweka 1 kwenye biti fulani ya sanduku fulani, USB inaamka. Ikiweka 0, inalala. Hakuna uchawi mwingine zaidi ya huo.

Lakini nani ameiambia prosesa kwamba sanduku la USB ni namba ngapi? Kwenye kompyuta ya mezani, vifaa vingi hujitambulisha vyenyewe. Kadi iliyochomekwa kwenye PCI ni kama mwanafunzi wakati wa kuitwa mahudhurio: unapita kila dawati, aliyepo anaitika "nipo" na kutaja jina lake. Ndani ya SoC hakuna mahudhurio. Vipande vimekaa kimya kwenye anwani zake. Usipoijua anwani, huwezi kukiita kipande. Ukiikosea, unaweza kuzima kitu ambacho hukukusudia, au mashine nzima ikaganda.

Kwa hiyo lazima ramani iwepo mahali. Historia yote ninayokusimulia hapa ni ugomvi kuhusu jambo moja: ramani hiyo akae nayo nani?

Bodaboda na postikodi

Tuanze na mfano wa nyumbani. Mgeni anaweza kufika kwa mwenyeji wake kwa njia mbili. Ya kwanza ni bodaboda. Kijana aliyekulia Musoma hahitaji ramani. Mwigobero, Nyasho na Mwisenge zote ziko kichwani mwake. Ni huduma nzuri na ya haraka. Ila mhamishie kijana huyo Butiama, naye anaanza kuuliza njia kama wewe.

Njia ya pili ni ile iliyosukumwa na serikali mwaka 2022, kabla ya Sensa ya mwezi Agosti: anwani za makazi. Barabara zikapewa majina, nyumba zikabandikwa namba, na kila kata ikawa na postikodi yake ya tarakimu 5. Tarakimu ya kwanza ni kanda, ya pili ni mkoa, ya tatu ni wilaya, na mbili za mwisho ni kata. Ukishajua kuusoma mfumo huo mara moja, unausoma Musoma, Bunda, Butiama na Tanzania nzima.

Hebu angalia umbo lake. Mkoa unazaa wilaya, wilaya inazaa kata, kata inazaa mtaa, mtaa unazaa nyumba. Huo ni mti. Shikilia picha hiyo, maana wahandisi wa kompyuta walifika hapo hapo.

Mwaka 1989, kampuni ya Sun

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Sun Microsystems ya California ilikuwa inauza kompyuta zenye prosesa za familia tofauti. Kila familia ilikuwa na lugha yake ya mashine, na juu ya hapo wateja walikuwa wanachomeka kadi za nyongeza za kila namna. Kuandika programu ya kuwashia upya kwa kila mchanganyiko ilikuwa kazi isiyoisha.

Mhandisi Mitch Bradley akaja na programu ya kuwashia iliyoitwa OpenBoot, iliyotoka na kompyuta ya SPARCstation 1 mwaka 1989. Iliandikwa kwa Forth, lugha fupi sana ya programu. Wazo lake lilikuwa hili: kompyuta ikiwaka, kabla mfumo endeshi haujaamka, OpenBoot inapitia vifaa na kuvipanga kwenye mti. Shina ni mashine yenyewe. Matawi ni njia za mawasiliano. Kila jani ni kifaa, nacho kina jina, anwani na sifa zake. Mfumo endeshi ukiamka, haupapasi gizani. Unasoma mti.

Wazo hilo likawa kiwango rasmi mwaka 1994, IEEE 1275, kikajulikana kama Open Firmware. Apple wakakitumia kwenye kompyuta zao za Power Macintosh zenye PCI, na IBM nao wakakitumia.

Na Afrika Mashariki? Hapa ndipo panaponifurahisha. Ule mradi wa One Laptop per Child, uliotaka kila mtoto awe na laptopu yake ndogo, ulichagua Open Firmware kuwa programu ya kuwashia laptopu zake za XO, na Mitch Bradley mwenyewe aliifanya kazi hiyo. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizozichukua kwa wingi, zaidi ya laptopu 200,000 ndani ya miaka michache baada ya 2008. Kwa hiyo mtoto wa shule ya msingi jirani zetu hapo alipobonyeza kitufe cha kuwashia ile laptopu ya kijani na nyeupe, kitu cha kwanza kuamka kilikuwa mjukuu wa OpenBoot ya mwaka 1989.

Kubaki na mti, kuacha mtunza bustani

Open Firmware ilikuwa na tatizo moja: ni programu kamili, na kifaa kidogo hakina nafasi ya kuibeba. Ruta au mashine ya kiwandani haihitaji mtunza bustani. Inachohitaji ni mti tu.

Karibu mwaka 2005, watu wa Linux upande wa prosesa za PowerPC walikuwa wanaunganisha matawi mawili ya kazi yao, la biti 32 na la biti 64. Wakaamua kwamba kila bodi itakayoingia lazima ije na mti. Benjamin Herrenschmidt na wenzake wakapata njia rahisi: mti uandikwe kwenye faili la maandishi, faili likompailiwe kuwa kifurushi kidogo, na kifurushi hicho kikabidhiwe kerneli wakati wa kuwasha. Programu ya kukompaili, inayoitwa dtc, ilianzishwa na David Gibson, na hadi leo ndiyo inayotumika.

Mabadiliko haya yanaonekana madogo, lakini yalihamisha ramani. Awali ilikuwa inatengenezwa na programu iliyomo ndani ya mashine. Sasa ikawa waraka, kitu ambacho binadamu anaweza kukisoma, kukirekebisha na kumpa mwenzake.

Kila mji na bodaboda wake

Wakati huo huo, upande wa simu mambo yalikuwa vurugu. Chipu za ARM zilikuwa zinatengenezwa na kampuni nyingi, na kila kampuni ilipanga rejista zake ilivyotaka. Ramani za bodi hazikuwa waraka. Zilikuwa zimeandikwa ndani ya kerneli ya Linux kwa lugha ya C, kila bodi na faili lake. Ukitoa bodi mpya, unaongeza faili jipya. Ukibadilisha kioo, faili jingine. Na kerneli iliyokompailiwa kwa chipu ya kampuni moja haikuweza kuwaka kwenye chipu ya kampuni nyingine.

Ule mfano wetu wa bodaboda ndio huu. Kerneli ilikuwa inabeba kichwani njia za kila mji, na kila mji ulihitaji dereva wake.

Mwezi Machi 2011, Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alichoka. Alilalamika hadharani, kwa maneno makali ambayo sitayarudia hapa, kwamba msimbo wa ARM ulikuwa umejaa marudio na watu walikuwa wanagongana bila mpangilio. Arnd Bergmann na Olof Johansson wakabeba kazi ya kukusanya na kuchuja mabadiliko ya chipu za ARM. Grant Likely, aliyekuwa tayari anahangaika kuuleta mti wa vifaa upande huo, ghafla akawa na dawa ambayo kila mtu anaitafuta. Mwezi Desemba 2012 ikatoka Linux 3.7, ambamo kerneli moja iliweza kuwaka kwenye chipu za ARM za kampuni tofauti, mradi kila moja imekuja na mti wake. Mwaka 2015 Raspberry Pi nayo ikahamia kwenye mti.

Kopo la vikorokoro

Hadi hapo utadhani kila kifaa kina nyumba yake na namba yake safi. Hapana. Kila familia ina lile kopo la vikorokoro: misumari miwili, betri ya saa, ufunguo ambao hakuna anayekumbuka ni wa kufuli gani. Wabunifu wa chipu nao wanalo. Wakimaliza kupanga rejista za USB, za mtandao na za kamera, hubaki na swichi ndogo ndogo zisizo na mwenyewe: biti moja ya kulaza kifaa hiki, mbili za kuchagua modi ya kile. Wanazikusanya zote kwenye eneo moja na kuliita rejista za usanidi wa mfumo.

Mfano halisi ni chipu ya i.MX6 ya Freescale, kampuni ambayo sasa ni sehemu ya NXP. Ina kopo la rejista 14 za matumizi ya jumla. Ndani ya rejista namba 13, biti ya 27 hulaza kidhibiti cha mtandao wa waya. Biti ya 28 na ya 29 hulaza vidhibiti viwili vya CAN, ule mtandao unaotumika ndani ya magari. Yaani vifaa vitatu tofauti, vyenye draiva mbili tofauti, vinagombania sanduku moja.

Ubaya wa hali hii utauelewa haraka kama umewahi kuwa kwenye kikoba. Wahazini wawili wanatoa nakala ya daftari moja kwa wakati mmoja. Wa kwanza anaandika mchango wa mama fulani, anarudisha. Wa pili anaandika mchango mwingine kwenye nakala yake ya zamani, anarudisha juu ya ile ya kwanza. Mchango wa yule mama umefutika, na hakuna aliyeiba. Prosesa nayo hufanya hivyo hivyo: husoma biti zote 32, hubadilisha moja, halafu huandika zote 32 upya. Draiva mbili zikifanya hivyo bila kusubiriana, mtandao unaamka huku CAN ikirudishwa usingizini.

Dawa iliingia kwenye hiyo hiyo Linux 3.7. Dong Aisheng aliandika draiva ndogo iitwayo syscon, iliyosimama juu ya maktaba ya regmap ya Mark Brown. Kazi yake ni kuwa mweka daftari mmoja: hakuna draiva inayogusa kopo moja kwa moja, zote hupitia kwake, naye hufunga mlango mpaka aliyeingia amalize. Kwenye mti, kopo la i.MX6 liliandikwa hivi:

```
gpr: iomuxc-gpr@020e0000 {
    compatible = "fsl,imx6q-iomuxc-gpr", "syscon";
    reg = <0x020e0000 0x38>;
};
```

Usiogope, tusome pamoja. Mstari wa kwanza unasema kopo liko anwani 020e0000, na jina lake la mkato ni gpr. Mstari wa `reg` unarudia anwani na kuongeza ukubwa: 0x38 kwa hesabu ya msingi wa 16 ni baiti 56. Kila rejista ni baiti 4, kwa hiyo 56 gawanya kwa 4 unapata 14. Zile rejista 14 ndizo hizo.

Kifaa kinachohitaji swichi ndani ya kopo kinaelekeza kidole tu. Kidhibiti cha mtandao, kwa mfano, huandikiwa hivi:

```
fsl,stop-mode = <&gpr 0x34 27>;
```

Maana yake: nenda kwenye kopo la gpr, hatua ya 0x34, biti ya 27. Na 0x34 ni 52, ambayo ukiigawa kwa 4 unapata 13. Ni ile rejista namba 13 tuliyoitaja.

Sasa rudi kwenye mstari wa `compatible`. Kwa nini kuna majina mawili? Si "syscon" ingetosha? Hapa kuna busara ya watu walioumizwa. "Syscon" peke yake ni kama kuandika "nyumba" kwenye bahasha. Jina la kwanza linasema ni nyumba ipi hasa. Leo kerneli inaweza kulichukulia kama kopo la kawaida. Kesho ikigundulika kwamba kopo hilo lina tabia ya pekee, kerneli mpya italitambua kwa jina lake halisi na kulipa draiva maalumu, bila kugusa ramani iliyokwisha kuuzwa ndani ya kifaa. Sheria ya mti ndiyo hiyo: eleza kifaa kilivyo, usieleze kile ambacho programu ya leo inataka. Programu zitabadilika, lakini hakuna atakayekuja Bunda kubadilisha ramani ya kifaa ulichonunua miaka 6 iliyopita.

Ramani ikifichwa

Turudi kwa fundi wetu. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zina sehemu ya hifadhi iitwayo dtbo. Humo ndimo hukaa nyongeza za mti: mti mkuu unaeleza chipu, nyongeza zinaeleza bodi hii yenye kioo hiki na kamera hii. Kiwanda kinaweza kununua vioo kwa wauzaji wawili na kuviweka kwenye simu za jina moja. Kidhibiti cha mguso cha kioo kimoja kinaitika kwenye anwani moja, cha kingine kwenye anwani nyingine. Ukiflashi ramani isiyo yake, kerneli inabisha hodi kwenye nyumba ambayo haina mtu. Simu haijafa, imepotea njia tu. Ndiyo maana fundi mzuri wa Musoma anasoma namba ya bodi kabla hajagusa kompyuta yake.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ya kuflashi. Kerneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Anayekuuzia kifaa chenye kerneli hiyo anawajibika kukupa msimbo wake ukiuomba, na faili za mti kwa kawaida hukaa humo humo. Baadhi ya watengenezaji hutoa kila kitu, wengine hutoa nusu, wengine kimya. Pale ramani isipotoka, simu inabaki na programu iliyokuja nayo. Chipu nzima, betri mpya, kioo safi, ila hakuna wa kuiwekea mfumo mpya kwa sababu hakuna ajuaye swichi zipo masanduku yapi. Huku kwetu simu hupita kwa kaka, kisha kwa mdogo, kisha kwa bibi kijijini, kwa hiyo tunaoumia zaidi ni sisi.

Kuna mlango wa nyuma kidogo. Ile programu ya dtc inafanya kazi pande zote mbili: kifurushi kilichotolewa kwenye simu inaweza kukirudisha kuwa maandishi. Anwani zinarudi, majina ya vifaa yanarudi. Maelezo ya mwandishi hayarudi, na vidole kama `&gpr` vinageuka namba tupu. Ni kama kupata ramani ya Musoma isiyo na majina ya mitaa. Unaweza kuitumia, ila kwa jasho.

Linganisha na Raspberry Pi, ambayo faili zake za mti ziko wazi kwenye kadi ya kumbukumbu. Wilayani Karatu, ng'ambo ya Serengeti, shirika la Powering Potential limefunga kompyuta hizi kwenye shule za sekondari kwa umeme wa jua. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere pale Butiama akitaka kupima joto la maji ya ziwa kwa kihisi cha DS18B20, hahitaji kukompaili kerneli. Anaongeza mstari mmoja kwenye faili la config.txt:

```
dtoverlay=w1-gpio
```

Mstari huo unaongeza tawi kwenye mti: hapa, kwenye GPIO namba 4, kuna kifaa. Anawasha upya, kerneli inasoma ramani mpya, inabisha hodi, na kihisi kinaitika.

Ukiipata mashine ya namna hiyo, fungua terminali uandike `ls /proc/device-tree`. Utauona mti wenyewe, tawi kwa tawi, jinsi kerneli inavyouona. Ingia ndani, tafuta vikopo vyenye neno syscon, uone ni vifaa vingapi vinavyovielekezea kidole. Na siku ukienda kununua kifaa cha mradi wako wa chuo, kabla hujauliza kina RAM kiasi gani, uliza kama ramani yake imechapishwa.